Miaka inayouzwa pamoja na nyumba: historia ya kodi ya nyumba tupu nchini England

Nchini England, mtu akinunua nyumba iliyokaa miaka mitatu bila mkaaji wala samani, anaweza kutozwa kodi ya halmashauri mara mbili ya ile anayolipa jirani yake, kuanzia siku nyumba inapokuwa mali yake. Kama ilikaa tupu miaka sita, kodi inaweza kuwa mara tatu. Ikizidi miaka kumi, mara nne. Mnunuzi huyo hakuiacha nyumba tupu hata siku moja, na mara nyingi anakuja na mafundi ili watu wapate kuishi humo tena. Sheria haihesabu siku zake, inahesabu siku za nyumba. Utaratibu huu ni mchanga. Kwa zaidi ya miaka 360 kanuni ilikuwa kinyume chake: nyumba tupu haikutozwa, kwa kuwa aliyedaiwa alikuwa mtu anayekaa ndani. Historia ya kodi hii ni historia ya namna mzigo ulivyohama kutoka kwa mkaaji kwenda kwa mwenye nyumba, na hatimaye ukashikamana na jengo lenyewe.

Mkaaji ndiye mlipaji

Chanzo cha kodi ya majengo ya England ni Sheria ya Maskini ya mwaka 1601, iliyopitishwa katika miaka ya mwisho ya Malkia Elizabeth I. Kila parokia ilitakiwa kuwatunza wazee, yatima na wagonjwa wake, na wasimamizi wa maskini walipewa mamlaka ya kuchangisha fedha kwa wakazi wa parokia na kwa kila anayekalia ardhi au nyumba. Hapo awali kusudi lilikuwa kumtoza mtu kwa kadiri ya uwezo wake. Lakini uwezo wa mtu ni vigumu kuupima, ilhali nyumba anayoishi inaonekana na kila mpita njia. Kwa hiyo kodi ikazidi kuegemea ardhi na majengo, na mwaka 1840 Bunge likaondoa rasmi wajibu wa mkazi kulipia bidhaa za biashara yake.

Aliyedaiwa alikuwa mkaaji, awe mwenye nyumba au mpangaji. Hoja yake ilieleweka kwa urahisi: anayefaidi nyumba ndiye anayefaidi parokia, basi ndiye achangie. Kulikuwa na sababu ya kiutendaji pia. Asiyelipa alikamatiwa mali, nayo ikauzwa ili kufidia deni. Mahali palipo na watu pana meza, vitanda na vyombo. Mahali patupu hapana cha kukamata. Mahakama nazo zilijenga juu ya msingi huo kwa karne kadhaa, hadi ikakubalika kwamba ukaaji unaotozwa kodi lazima uwe wa kweli, wa mtu mmoja asiyeushirikisha na wengine, wenye manufaa kwake, na usiwe wa kupita tu. Mlango ukifungwa na samani zikiondolewa, ukaaji umekwisha, na kodi imekwisha nao.

Kodi za serikali kuu zilipita njia hiyo hiyo. Mwaka 1662, chini ya Mfalme Charles II, ilianzishwa kodi ya meko ya shilingi 2 kwa mwaka kwa kila meko, iliyolipwa kwa awamu mbili, mwezi Machi na mwezi Septemba. Wakusanyaji waliingia majumbani kuhesabu meko, jambo lililowaudhi watu sana, na kodi hiyo ikafutwa mwaka 1689. Orodha zao zilizobaki katika hifadhi za nyaraka zinataja hata nyumba zilizokuwa tupu, na wanahistoria wanazitumia leo kukadiria idadi ya watu wa kila mtaa. Mwaka 1696 ikaja kodi ya madirisha, ambayo iliweza kuhesabiwa kutoka nje. Wengi waliziba madirisha yao kwa matofali ili walipe kidogo. Ilipofutwa mwaka 1851, nafasi yake ilichukuliwa na ushuru uliotozwa nyumba zinazokaliwa tu, ambao uliendelea hadi mwaka 1924.

Pale ambapo nyumba ndogo zilipangishwa kwa wiki na wapangaji walihamahama, kumfuatilia mkaaji kulikuwa kazi kubwa kuliko fedha iliyopatikana. Sheria ya mwaka 1850 iliruhusu parokia kumtoza mwenye nyumba ndogo badala ya mpangaji wake. Hiyo ilikuwa njia ya kurahisisha ukusanyaji, wala haikugusa kanuni kuu, lakini kwa mara ya kwanza macho ya mtoza kodi yalielekezwa kwa mmiliki kwa wingi. Mwaka 1925 Bunge liliondoa wasimamizi wa maskini katika kazi ya kukusanya kodi na kuikabidhi kwa mabaraza ya miji na wilaya, na michango mingi midogo ikaunganishwa kuwa kodi moja. Nyumba tupu iliendelea kusamehewa.

Scotland ilikuwa na desturi yake. Huko kodi iligawanywa kati ya mkaaji na mmiliki, hivyo mwenye jengo alidaiwa fungu lake hata kama hakuna aliyeishi ndani, mpaka fungu hilo lilipofutwa na sheria ya mwaka 1956. Matokeo yake yanaonekana hadi leo mashambani. Matajiri walioshindwa kuyatunza majumba ya kifahari waliyaezua mapaa, kwa kuwa jengo lisilo na paa halikuhesabiwa kuwa makazi. Kasri la Slains katika Aberdeenshire, lililo juu ya miamba ya pwani, liliezuliwa mwaka 1925 na sasa ni kuta tupu. Kodi inayodai jengo lisilo na faida inaweza kulijaza watu. Inaweza pia kulibomoa.

Mwaka 1966 na mnara wa Centre Point

Badiliko la England lilitokana na uhaba wa nyumba baada ya Vita Kuu ya Pili. Miji ilikuwa imepigwa mabomu, familia zilibanana katika vyumba vya kupanga, na bei ya ardhi ilipanda. Katika hali hiyo kumiliki jengo na kuliacha tupu hakukuwa hasara, kwa sababu thamani iliongezeka yenyewe na kodi haikudaiwa. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1966, ambayo vifungu vyake viliingizwa mwaka uliofuata katika Sheria Kuu ya Kodi ya Majengo ya 1967, iliyapa mabaraza hiari ya kutoza majengo matupu. Kiwango cha juu kilikuwa nusu ya kodi ya kawaida, nacho kilianza baada ya jengo kukaa tupu miezi mitatu. Nyumba mpya zilipewa miezi sita. Hapo ndipo mwenye nyumba ya England alipoanza kulipia nyumba isiyo na mtu.

Mwaka huo huo wa 1966 ulikamilika mnara wa ofisi wa Centre Point katikati ya London, uliosanifiwa na kampuni ya Richard Seifert kwa ajili ya mwekezaji Harry Hyams. Ulikaa tupu kwa miaka mingi huku thamani yake ikipanda. Shirika la Shelter, linalotetea watu wasio na makazi, nalo liliundwa mwaka huo, na mnara ule ukawa alama ya hasira ya umma. Hifadhi ya vijana wasio na makao iliyoanzishwa London mwaka 1969 ilichukua jina lake la Centrepoint kutokana na mnara huo. Januari 1974 wanaharakati waliingia ndani na kuukalia kwa siku chache ili nchi nzima ione.

Bunge lilijibu mwaka huo huo wa 1974. Mabaraza yaliruhusiwa kutoza nyumba tupu hadi kodi kamili, na majengo ya biashara yaliyoachwa bila kutumika kwa zaidi ya miezi sita yaliwekewa tozo ya ziada, iliyokua kadiri jengo lilivyoendelea kukaa tupu. Tozo hiyo ya biashara haikudumu. Ilisimamishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Lakini wazo lake, kwamba kodi iongezeke kwa kufuata urefu wa muda wa utupu, lilibaki, likarudi baada ya miongo mitatu kwa ajili ya nyumba za kuishi.

Kodi ya kichwa na kodi ya halmashauri

Kufikia miaka ya 1980 kodi ya majengo ilikuwa imechoka. Uthamini wa mwisho wa nyumba za England na Wales ulikuwa wa mwaka 1973, na kila serikali iliogopa kufanya mwingine. Serikali ya Margaret Thatcher iliamua kuiacha nyumba na kumtoza mtu. Kodi hiyo, iliyoitwa rasmi mchango wa jamii na ikajulikana kwa wote kama kodi ya kichwa, ilianza Scotland tarehe 1 Aprili 1989, na England na Wales mwaka mmoja baadaye. Nyumba isiyo makazi ya mtu yeyote ililetea shida kodi inayohesabu vichwa, kwa hiyo kikawekwa kipengele maalumu: mmiliki angeweza kutozwa hadi mara mbili ya mchango wa mtu mmoja. Tarehe 31 Machi 1990 maandamano ya kuipinga kodi hiyo yaligeuka kuwa ghasia katika uwanja wa Trafalgar, na kabla ya mwaka kwisha Thatcher alikuwa amejiuzulu.

Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1992 ilileta kodi ya halmashauri, iliyoanza tarehe 1 Aprili 1993 na inayotumika hadi sasa. Kila nyumba ya England iliwekwa katika daraja moja kati ya nane, kutoka A hadi H, kwa kufuata bei ambayo ingeuzwa tarehe 1 Aprili 1991. Daraja A lilikuwa la nyumba zisizozidi pauni 40,000, na daraja H la zile zilizozidi pauni 320,000. Wales ilithamini upya kwa bei za mwaka 2003. England haijafanya hivyo, na nyumba inayojengwa leo hukadiriwa kwa bei ya 1991.

Sheria hiyo ilipanga walipaji kwa ngazi. Wa kwanza ni mkazi mwenye haki kubwa zaidi juu ya nyumba. Kama hakuna mkazi, deni ni la mmiliki. Nyumba isiyo na mkazi ilipewa punguzo la nusu. Juu ya hayo, kanuni za mwaka 1992 ziliweka misamaha kamili. Nyumba tupu isiyo na samani haikulipa chochote kwa miezi sita. Nyumba iliyohitaji matengenezo makubwa ilisamehewa, na tangu mwaka 2000 msamaha huo ukawekewa ukomo wa miezi 12. Nyumba ya marehemu ilisamehewa mpaka mirathi ishughulikiwe na kwa miezi sita baada ya hapo. Kwa miaka 20, mtu aliyenunua nyumba chakavu alijua kwamba atapata nafasi ya kuezeka, kupiga lipu na kubadilisha nyaya za umeme kabla ankara haijaanza kusoma kiasi kamili.

Kutoka punguzo hadi nyongeza

Fikra za watunga sera zilibadilika polepole. Sheria ya mwaka 2003 iliruhusu halmashauri kupunguza au kuondoa punguzo la nyumba zilizokaa tupu muda mrefu. Sheria ya Makazi ya mwaka 2004 ilizipa hata mamlaka ya kuchukua usimamizi wa nyumba tupu na kuipangisha kwa niaba ya mmiliki asiyejali, ingawa amri za kufanya hivyo zimetumika mara chache kwa sababu ya urefu na gharama ya utaratibu wake. Wakati huo huo mitaa mizima ya nyumba za safu ilihamishwa watu katika miji ya kaskazini kama Liverpool na Stoke-on-Trent, chini ya mpango wa serikali wa kufufua soko la nyumba ulioanza mwaka 2002 na kukatizwa mwaka 2011. Mwaka 2013 halmashauri za miji hiyo miwili ziliuza baadhi ya nyumba hizo kwa pauni 1 kila moja, kwa sharti kwamba mnunuzi azikarabati na kuishi humo.

Mwaka huo wa 2013 ndio mpaka katika historia hii. Kuanzia tarehe 1 Aprili misamaha miwili mikubwa, ya nyumba tupu isiyo na samani na ya nyumba inayokarabatiwa, iliondolewa nchini England. Kila halmashauri ilipewa hiari ya kuweka punguzo lake: moja inaweza kutoa mwezi mmoja bila kodi, nyingine isitoe hata siku. Nyumba iliyokaa tupu zaidi ya miaka miwili iliweza kuongezewa asilimia 50 juu ya kodi kamili. Jambo lisilofikirika mwaka 1601, yaani nyumba isiyo na mtu kulipa zaidi kuliko yenye watu, likawa sheria.

Nyongeza ilipanda haraka. Kufuatia sheria ya mwaka 2018, kiwango kilifika asilimia 100 kuanzia Aprili 2019. Kuanzia Aprili 2020 kikawa asilimia 200 kwa nyumba zilizokaa tupu miaka mitano au zaidi. Na kuanzia Aprili 2021 asilimia 300 kwa zile za miaka kumi au zaidi. Sheria ya mwaka 2023 ilifupisha muda wa kwanza: tangu tarehe 1 Aprili 2024 nyongeza ya asilimia 100 inaweza kuanza nyumba ikishakaa tupu mwaka mmoja. Nyumba ambayo kodi yake ya kawaida ni pauni 2,000 inaweza hivyo kudaiwa 4,000, 6,000 au 8,000 kwa mwaka. Hata hivyo nyumba tupu hazikupungua kwa kasi ile ile. Nyumba za England zilizokaa tupu zaidi ya miezi sita zilikuwa karibu 200,000 mwaka 2016. Mwaka 2023 zilizidi 260,000. Nyingi zimekwama katika mirathi yenye mgogoro, mikopo isiyolipika au ubovu unaogharimu kuliko uwezo wa mwenyewe, na ankara kubwa haitatui lolote kati ya hayo.

Mnunuzi na hesabu ya miaka

Nyongeza inahesabiwa kwa masharti mawili: nyumba iwe haina mkazi, na iwe kwa sehemu kubwa haina samani. Masharti hayo ni ya jengo. Nyumba ikiuzwa, hesabu haikatiki, na jina jipya katika hati ya umiliki haliirudishi kwenye sifuri. Madeni ya kodi ya mmiliki wa zamani hubaki kuwa yake, kwa hiyo mnunuzi harithi fedha ambazo mwingine hakulipa. Anachorithi ni miaka. Ili hesabu ivunjike, nyumba inapaswa kukaliwa au kuwekwa samani kwa zaidi ya wiki sita. Vipindi vifupi zaidi havizingatiwi.

Zamani baadhi ya wamiliki walikwepa nyongeza kwa kuingiza vitanda na makochi, na nyumba ikahesabiwa kuwa makazi ya pili. Njia hiyo sasa ni nyembamba, kwa kuwa tangu tarehe 1 Aprili 2025 halmashauri zinaweza kutoza makazi ya pili pia nyongeza ya asilimia 100. Njia nyingine ni kuomba nyumba iondolewe kabisa katika orodha ya uthamini. Hukumu ya Mahakama Kuu ya mwaka 2011 iliweka kipimo kigumu: swali ni kama nyumba inaweza kurudishwa katika hali ya kukalika kwa matengenezo ya kiasi, bila kujali kama matengenezo hayo yana faida kiuchumi. Nyumba yenye unyevu, bila jiko na bila choo kinachofanya kazi, kwa kawaida hubaki katika orodha, na hivyo hubaki kudaiwa.

Sheria za kodi zenyewe hazisemi kwa sauti moja. Kazi ya ukarabati katika nyumba iliyokaa tupu miaka miwili au zaidi hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5 badala ya 20, kwa kuwa serikali inataka nyumba hiyo ifufuliwe. Mnunuzi huthibitisha muda huo kwa barua kutoka kwa ofisa wa halmashauri anayeshughulikia nyumba tupu. Miaka ile ile inayompa nafuu kwa fundi ndiyo inayompandishia kodi ya halmashauri.

Majirani wa England waliliona tatizo hili kwa njia tofauti. Wales, ambayo iliruhusu nyongeza kuanzia mwaka 2017 na kuipandisha hadi asilimia 300 mwaka 2023, haikuifuta misamaha ya zamani ya nyumba tupu na ya ukarabati. Scotland iliruhusu nyongeza ya asilimia 100 tangu mwaka 2013, lakini kuanzia tarehe 1 Aprili 2024 ikamtaja mmiliki mpya waziwazi: akiwa anaikarabati nyumba, anakingwa na nyongeza kwa hadi miezi sita baada ya kuinunua.

England ilifuata kwa sehemu. Kanuni zilizopitishwa mwaka 2024 na kuanza kutumika tarehe 1 Aprili 2025 zinaitoa katika nyongeza, kwa hadi miezi 12, nyumba inayouzwa au kupangishwa kwa dhati, nyumba ambayo mirathi yake imekwisha kuthibitishwa, na nyumba inayofanyiwa au inayohitaji matengenezo makubwa. Kinga ya mwisho ndiyo inayomfaa zaidi mnunuzi, ingawa humwondolea nyongeza peke yake. Kodi ya kawaida huendelea. Kazi isiyo kubwa kiasi cha kuitwa matengenezo makubwa haiingii humo. Aliyebaki nje anaweza kuiomba halmashauri punguzo la hiari kwa sababu ya hali yake, na akikataliwa anaweza kukata rufaa katika Baraza la Uthamini la England, lililoundwa mwaka 2009.

Hivyo sheria imeanza kurejesha kitu ambacho wasimamizi wa maskini wa mwaka 1601 walikichukulia kuwa cha kawaida: kumtazama mtu kabla ya kuitazama nyumba. Kuliacha jengo tupu kwa makusudi wakati watu hawana pa kulala ni jambo linalostahili kutozwa, na sababu zilizolisukuma Bunge mwaka 1966 na 1974 zingali na nguvu. Lakini nyongeza imekusudiwa kubadili mwenendo wa mmiliki, na miaka iliyopita kabla ya mauzo haina mwenendo wa mnunuzi ndani yake. Kipindi cha neema kwa kila mmiliki mpya anayethibitisha kwamba anaiandaa nyumba kwa ajili ya kukaliwa, kama Scotland ilivyofanya, kingetenganisha aliyeifunga nyumba na anayeifungua. Hadi hapo, mnunuzi wa nyumba tupu nchini England anapaswa kumuuliza dalali na wakili, kabla ya kutia saini, tarehe ambayo mtu wa mwisho aliishi humo, na kuiuliza halmashauri ya eneo hilo inatoa punguzo gani na kwa muda gani.